Blanketi nimeshakununulia

Uyole, Mbeya
14 Juni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu kutoka kwenye baridi. Barua yako nimeipata. Kwa hiyo umepangiwa Makete, kule milimani! Wewe, mtoto wa Tanga, unayevaa sweta mvua ikinyesha! Nimecheka peke yangu hadi mama mwenye nyumba akauliza kulikoni.

Umeuliza kama utahema tena kama siku ile tulipopanda mlima Loleza. Hata nusu hatujafika, umekaa chini umeshika mbavu, unadai huku hewa imetuishia. Haikuisha. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, iwe Tanga au kileleni. Ila mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Loleza inapita 2,600. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo pumzi ileile inabeba oksijeni kidogo kuliko uliyoizoea pwani.

Mapafuni kuna vifuko vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Ungevitandaza vyote vingefunika sakafu ya darasa zima. Kuta zake ni nyembamba mno, na nyuma yake damu inapita. Hapo hakuna pampu. Oksijeni inatoka ilikojaa kwenda ilikopungua, na kabonidayoksaidi inatoka kwenye damu vivyo hivyo. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo huo unalegea. Oksijeni ikishaingia kwenye damu inadakwa na hemoglobini, ile yenye madini ya chuma inayoipa damu wekundu wake. Molekuli moja ina nafasi nne, kama bajaji ya Mwanjelwa iliyojaza: watatu nyuma, mmoja ubavuni mwa dereva.

Mlima usikutishe. Kaa wiki kadhaa, mwili utaongeza chembe nyekundu wenyewe. Mimi ninachokuogopea ni jiko.

Sikuwahi kukusimulia ya Julai mwaka juzi, niliona aibu. Baridi ilizidi, nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Nilijiambia mkaa umeshakolea, hauna moshi, una shida gani? Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa khanga. Usiku nikaamka nataka kwenda chooni, kichwa kinagonga, miguu si yangu. Sijui niliufungua vipi ule mlango. Jirani alinikuta nimelala barazani, nimetapika, akakimbilia maziwa aninyweshe. Maziwa yanakwenda tumboni, shoga. Ugomvi ulikuwa kwenye damu.

Kilichonishangaza hadi leo ni kwamba sikuhema. Loleza ulihema kama mbuzi wa mnada, mimi nilikuwa nakufa na pumzi yangu imetulia! Daktari alinieleza. Kinachotusukuma zaidi kuvuta pumzi ni kabonidayoksaidi ikirundikana kwenye damu, na yangu ilikuwa inatoka kama kawaida, kwa hiyo mwili haukuona sababu ya kupiga kelele. Kumbe mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiye abiria aliyekaa kwenye bajaji na hataki kushuka. Mbaya zaidi, hata oksijeni iliyobahatika kupata kiti inabanwa, haishuki kirahisi kituoni kwake.

Muuguzi alinibana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 98. Nikajua nimepona. Yeye akaguna: "Hiki kinaona viti vimejaa tu, hakijui nani kakaa." Akaniuliza kama nililala na jiko, nikaitikia kwa kichwa, akanivisha barakoa ya oksijeni. Nilikaa nayo saa nyingi. Ndiyo dawa yake hiyo: oksijeni nyingi, hadi yule king'ang'anizi alazimike kushuka.

Basi huko Makete utaona watu wanaota moto ndani, na watakuambia wamefanya hivyo tangu wazazi wao. Usibishane nao, wewe ni mgeni. Jiko lako liishie barazani, na likibaki kaa moja jekundu, lisikanyage kizingiti. Ukitaka joto kitandani, jaza chupa maji ya moto, uifunge kwenye khanga, uikumbatie.

Blanketi nimelipata Mwanjelwa, lile zito la mistari, nimelificha juu ya kabati watoto wasilione. Pesa sitaki. Niletee ng'onda.

Wako,
Tumaini