Msiifiche C yenu: barua kwa wanangu mliomaliza kidato cha sita

Wanangu,

Wiki iliyopita binti mmoja niliyemfundisha alikuja kwangu, akalia barazani mpaka mtandio ukalowa. Hakuwa akiililia C yake ya Fizikia. Alikuwa akiililia B ambayo hakuwahi kuipata.

Mtu anayejiita wakala wa vyuo vya nje alichukua fedha za mama yake. Akamwambia kwamba kwa vyuo vile vidogo vya Marekani, ambako mwanafunzi wa sayansi husoma pia falsafa na fasihi kabla ya kuchagua somo lake kuu, C ni msiba. Akaigeuza kuwa B, na insha pia akamwandikia yeye. Chuo kikaomba uthibitisho wa matokeo, ukweli ukajulikana, ombi likafutwa. Nina hasira, na sitaificha.

Nilimwambia anisomee insha ile kwa sauti. Msichana wa Mbagala, aliyekulia nyumba yenye bomba uani, akawa anasoma jinsi alivyotembea kilomita kumi kila siku na ndoo kichwani. Aya ya pili akakwama kwenye neno asilolijua maana yake. Neno la insha yake mwenyewe! Nikamfungia ile karatasi, nikamuuliza: mwanangu, kidato cha tano ulikuwa ukifanya nini hasa?

Akanyamaza. Kisha akasema mama aliugua, ikabidi yeye awe anaamka saa tisa usiku kwenda soko la Ilala kuchukua nyanya za genge, azipange, ndipo aende shule. Jioni alirudi kunionyesha daftari la madeni, kaunta buku lililong'oka jalada. Ndani amepiga mistari kwa rula: jina, mzigo, siku ya kulipa. Pembeni ya majina mawili kuna nyota ndogo. Nikauliza za nini. "Hawa wamefiwa, mwalimu. Hawa hatuwadai mpaka mwisho wa mwezi."

Mtoto mwenye daftari kama hili anauziwa ndoo ya maji!

Nisikilizeni vizuri. Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi vya aina hii huipokea, inakupa insha isiyozidi maneno 650. Mbali na insha hiyo ina nafasi ya taarifa za ziada, na C yako inakaa hapo. Sentensi tatu au nne zinatosha: nini kilitokea, lini, na alama zilikwendaje baada ya hapo. Usimlaumu mwalimu wala usiombe huruma. Insha yenyewe iachie genge, au gitaa la kanisani, au mashine ya kusaga ya babu yako, chochote unachokijua kwa mikono yako. Anayesoma maombi amesoma maelfu, na sauti ya kuazima anaitambua haraka.

Simaanishi kwamba alama hazina kazi. Zina kazi kubwa. Amherst, mojawapo ya vyuo hivyo vidogo, hukubali kama mmoja tu kati ya waombaji kumi, au pungufu, na wengi wanaokataliwa wana A tupu. C moja yenye sababu, ikifuatiwa na kupanda, inasomeka. Ukiwa na C tano na hujafanya lolote la kusimulia, usijidanganye. Kuna njia nyingine nzuri hapa hapa nyumbani.

Na ninyi walimu wenzangu, hapa siwaonei haya. Barua ya mwalimu ndiyo inayoweza kumsimamia mtoto mwenye alama zenye doa. Sisi tunaandika nini? "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii." Tunabadilisha jina, tunagonga muhuri, barua ile ile kwa watoto arobaini. Nimewahi kuziandika hivyo, na nikikumbuka nani walikuwa kwenye foleni ile naumia. Mwalimu wa binti huyu hakujua kwamba anatoka sokoni kila asubuhi. Alijua tu kwamba anasinzia, na alimchapa kwa kusinzia. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora, lakini majumbani na misikitini na makanisani bado tunamuuliza mtoto divisheni kabla ya kumuuliza hali.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Amherst na mwenzake Bowdoin hawaangalii uwezo wa mfuko wako wanapoamua, hata kama umetoka nje ya Marekani. Vyuo vingi vingine wanaangalia, kwa hiyo ulizeni kwanza. Bowdoin waliacha kulazimisha SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, tangu 1969. Berea, kule Kentucky, hawatozi ada tangu 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki. Ombi la mapema liitwalo Early Decision ni ahadi: ukikubaliwa unaondoa maombi mengine yote. Ada ya maombi ikikushinda, omba msamaha wa ada. Ushauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kuwashauri wanaotaka kusoma huko, ni bure, wakala wa nini?

Wala msikimbilie majina. Mwaka 1960 Wangari Maathai alipelekwa chuo kidogo cha watawa, Mount St. Scholastica, katika mji wa Atchison, Kansas. Sidhani kama kuna aliyekisikia chuo hicho kijijini kwao.

Binti anaomba upya mwaka huu, vyuo vingine, kwa matokeo yake halisi. Insha yake mpya inaanza na tenga la nyanya saa tisa usiku. Mama yake bado hajarudishiwa fedha zake.

Maombi mengi ya mapema hufungwa Novemba 1. Oktoba yote, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nitakuwa barazani. Njooni na karatasi ya matokeo kama ilivyo, na yeyote mwenye daftari alibebe.

Mwalimu wenu mstaafu,
Temeke