Kaka, mrudishieni Baba ufagio wake

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Ujumbe wako wa hela niliupata, na ule wa pili wa kuuliza kama wa kwanza nimeuona nao niliupata. Nilinyamaza makusudi. Hasira ilikuwa imenijaa, na nilijua nikijibu siku ile tutanuniana kama tulivyonuniana kwa ajili ya ule uzio. Leo imepoa kidogo. Wifi msalimie, watoto wasalimie, na yule wa pili mwambie shangazi yake habari za mtihani anazo, asidhani zimefichika.

Haya, hela. Unataka nichangie televisheni kubwa ya chumbani kwa Baba na kile kiti cha kunyanyua miguu, ili "mzee ashinde amepumzika." Apumzike na nini, kaka? Kila alichokuwa akikifanya mmeshamwondolea. Ufagio mmeuficha. Saa yake ya kutia ufunguo mmeishusha ukutani mkatundika ya betri. Redio mmeihamishia sebuleni eti inawaamsha alfajiri. Mlango wa nje haufunguliwi mpaka saa mbili. Halafu unaniandikia kwamba Baba siku hizi amekuwa mkimya, mchana kutwa anasinzia, usiku anazungukazunguka nyumba nzima, na wewe unadhani ni uzee. Mimi nadhani ni nyinyi.

Na usinijibu kwamba niko mbali, sijui. Kazi yangu ndiyo hii. Ile kazi uliyoicheka mbele ya wajomba, kwamba nimevuka bahari kwenda kuogesha wazee wa watu, mwaka huu nimefaulu mtihani wake wa daraja la juu, kwa lugha yao, wa kuandika na wa mdomo. Wageni wanaoanza kazi sasa wanakabidhiwa kwangu niwafundishe. Picha ya cheti niliituma kwenye kundi la familia. Shangazi peke yake ndiye aliyeandika hongera. Wewe uliweka kidole gumba ukaendelea na mambo ya mpira. Mgongo unanisumbua kidogo, zamu za usiku ni ndefu, lakini hayo tuyaache.

Wageni wangu nikianza nao huwaambia: kabla hujazijua dawa za mzee, ijue asubuhi yake. Anaamka saa ngapi, anashika nini kwanza, kiti chake kinaelekea wapi. Nina mzee mmoja ananyoa ndevu mwenyewe, taratibu mno, anaongea na kioo, anasimama, anaanza tena. Kijana mmoja mgeni akataka kumnyoa yeye, amalize upesi, aende chumba kingine. Nikamzuia. Kule kunyoa ndiko starehe ya yule mzee. Ukimnyoa wewe unakuwa umempa uso safi na kumnyang'anya asubuhi nzima.

Sasa turudi kwa Baba. Kuamka kwake saa kumi na nusu si ugonjwa. Mtu akizeeka, saa ya mwili husogea mbele: usingizi humjia mapema jioni na humtoka mapema alfajiri. Kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni mwanga, hasa ule wa asubuhi anapotoka nje. Nyinyi mnamfungia na mapazia mpaka saa mbili, mchana anasinzia kwa kukosa la kufanya, usiku mnashangaa hana usingizi. Na dawa yenu ni televisheni!

Ufagio je? Wifi anaogopa majirani watasema mnamtumikisha mzee. Majirani haohao ndio Baba alikuwa akisalimiana nao kila alfajiri akifagia. Hivi hamkuwahi kujiuliza kwa nini habari za mtaa mzima alikuwa anazijua kabla yetu? Nani amesafiri, nani amejifungua, nani kagombana na nani usiku: zote alizipata akiwa ameegemea ule mti wa ufagio. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mwenye miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi afanye ya kuimarisha nguvu na kusimama imara. Baba alikuwa anayapata mengi ya hayo uani kwake, bila mwalimu wala ada. Upande wa pili, watafiti waliwahi kuwalaza kitandani wazee wenye afya zao kwa siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya misuli. Siku 10, kaka. Wewe unataka nimnunulie cha kushinda amelalia mwaka mzima.

Darasani tulifundishwa jaribio moja lililonifanya nimkumbuke Baba palepale. Mwaka 1976 huko Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin waliwagawa wazee wa nyumba moja ya kulelea wazee kwa ghorofa. Wa ghorofa moja waliambiwa maisha yao ni juu yao: wapange vyumba wapendavyo, wachague usiku wa kutazama sinema, na kila atakaye achague mche wa maua autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine nao walipewa miche, ila wakaambiwa wasihangaike, wahudumu watawamwagilia. Wote walitendewa kwa upole. Baada ya wiki chache wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, wenye furaha zaidi, wanatembeleana zaidi. Wewe na wifi mmeishika sera ya ghorofa ya pili, kwa mapenzi kabisa, sikatai. Mnammwagilia.

Kuhusu saa nitasema wazi, maana najua nani aliishusha na najua ilikuwa kwa sababu ya mlio. Ile saa Baba aliitia ufunguo kila jioni tangu hatujaingia shule. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata Mama. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimwambia siku imekwisha na yeye ndiye aliyeifunga. Ya betri haimhitaji mtu. Usiku huku, nikishamaliza kuzunguka vyumba na korido yote imetulia, najikuta natega sikio nisikie ule ufunguo ukikoroma, na nikikumbuka kwamba hata kwetu hausikiki tena naumia zaidi. Irudisheni. Asiyeweza kulala kwa mlio wake aweke pamba masikioni, na wifi ajue nimemaanisha nani.

Redio nayo anaifungulia sauti kwa sababu masikio ya uzee hupoteza kwanza sauti nyembamba. Herufi kama s na f humpotea, maneno yanafika yamekatika. Ndiyo maana anamsikia mjomba vizuri na watoto wako anawaambia "semeni tena" mpaka wanakata tamaa. Si ukaidi. Mketini mbele yake, mseme polepole bila kupiga kelele, na redio mmsogezee karibu na sikio lile zuri. Taarifa ya habari ya alfajiri ndiyo inayompa cha kubishania na mwenzake wa drafti jioni. Bila hiyo anafika pale kwenye benchi mikono mitupu. Au na drafti mmepiga marufuku? Hukuitaja.

Mwaka jana tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, mlimvalisha suti mkapiga picha, mkaandika maneno matamu. Nikaitazama ile picha. Baba hajaivaa ile kofia yake. Nani alimwambia aivue?

Najua utaniuliza, akianguka je? Swali la maana, na hapo ndipo hela yangu itakapokwenda. Nitatuma wiki ijayo, si kwa televisheni. Fundi aweke vyuma vya kushikia chooni na bafuni. Kile kizulia cha mlangoni kitolewe, kinajikunja. Anunuliwe viatu vya kufunga nyuma visivyoteleza, zile ndala zitupwe. Chumbani mweke taa yenye nguvu karibu na kiti, kwa sababu mwanga unaofika ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi tu ya ule wa kijana wa miaka 20, na yeye ameshaipita 60 zamani. Mkimwona ameacha kusoma msidhani amechoka na dunia. Kiti nakubali, ila kiwe kigumu, cha kimo kizuri, chenye mikono ya kujisukumia anyanyuke mwenyewe. Alfajiri kabla ya kusimama aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha ya mzee huweza kushuka ghafla akinyanyuka, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Maji apewe bila kusubiri aombe, kwani kiu nayo hufifia na umri. Zikibaki hela, mnunulie ufagio mpya wenye mti mrefu asiiname sana.

Risiti nitumie mimi, si kwenye kundi. Na Jumapili nitapiga simu. Mpe Baba mwenyewe, utoke chumbani, usikae pembeni ukimjibia. Nataka anieleze kwa mdomo wake nani amegombana na nani huko mtaani. Akiniambia hajui, tutaongea mimi na wewe.

Mdogo wako