Heri ya Noeli, na tarehe 28 tusiiruke

Tumsifu Yesu Kristo! Noeli njema kwenu mliorudi nyumbani kwa wazee, mlioko zamu hospitalini, na hasa mnaoisherehekea kambini chini ya turubai.

Mabaki ya pilau hayajaisha, kalenda inatuletea Watoto Mashahidi, 28 Desemba. Parokia nyingi huipita juujuu. Mathayo haipiti: Herode anamtaka mtoto mmoja, wanauawa wavulana wote wa Bethlehemu wa miaka miwili kushuka chini, na aliyelengwa amekwisha kwenda Misri.

Kaskazini mashariki mwa Kongo wanaijua hesabu hiyo. Tarehe 14 Desemba 2008, majeshi ya Uganda, Kongo na Sudan ya Kusini yalianza kushambulia kambi za LRA (Lord's Resistance Army, waasi wenye asili ya Uganda) katika hifadhi ya wanyama ya Garamba. Ukungu ulichelewesha ndege, askari wa miguu wakafika siku kadhaa baadaye, na Joseph Kony, kiongozi wa LRA, alikwisha toroka. Vijiji vya jirani havikuwekewa ulinzi. LRA walijigawa vikundi vikundi wakawavamia watu siku walipojua watakuwa wamekusanyika: mkesha wa Noeli na Noeli yenyewe, Faradje, Duru na karibu na Doruma. Waliwafunga kwa kamba na vipande vya mpira wa baiskeli, wakawaua kwa mapanga, mashoka na marungu. Kufikia katikati ya Januari, shirika la haki za binadamu Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya 620 waliouawa na watoto zaidi ya 160 waliotekwa.

Wauaji ni LRA, hilo halina mjadala. Lakini kwamba LRA wakipigwa huwageukia raia, kila jenerali pale alilijua tangu enzi za vita vyao huko Acholi, kaskazini mwa Uganda. Ndiyo maana kabla ya kuombea operesheni yoyote mimbarini, tuulize: ndege zikiondoka, nani anabaki kijijini? Barabara ipi imeachwa wazi kwa wanaokimbia? Asipojibu mtu, tuwaombee raia kwanza.

Baadaye Jimbo la Dungu-Doruma lilishiriki kujenga mtandao wa redio za upepo (za kuongea na kujibiwa), vijiji vikiripoti asubuhi na alasiri. Redio haimzuii mwenye panga. Huwapa watu saa chache za kuondoka, nazo si haba. Redio zenyewe zinahitaji betri, sola na mtu wa zamu, na betri ikifa bila ya akiba, kijiji kinakuwa kiziwi.

Basi tarehe 28 somo lisomwe lote, Mathayo 2:13-18, bila kuikata sehemu ya Raheli anayewalilia wanawe. Na sadaka ya siku hiyo iende kwa waliokimbia makwao.