Nailoni ya kuzuia mvuke isiwekwe upande wa ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mabanda ya gari ambayo hapa Mtwara Mjini yanageuzwa kuwa vyumba vya kupangisha, ofisi na saluni. Kuyageuza si kosa, na chumba kinacholipiwa kodi kina faida kuliko banda lililojaa makopo ya rangi. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi yanavyowekewa vizuia joto.

Mafundi wetu siku hizi hujifunza kwa kutazama video za nchi za baridi, ambako ukuta hujazwa pamba ya kioo, ukafunikwa kwa nailoni upande wa ndani, kisha zikapigiliwa bodi za jipsamu. Huko utaratibu huo ni sahihi, kwa sababu hewa yenye joto na mvuke ni ile ya ndani, na nailoni huizuia isiufikie ukuta wa nje ulio baridi. Kwetu pwani mvuke mwingi uko nje, na baridi tunaitengeneza wenyewe ndani kwa kiyoyozi. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 24 hivi au chini yake. Mwenye chumba akiweka kiyoyozi kwenye 20, mvuke unaopenya tofali za saruji hukutana na mgongo wa nailoni iliyopoa na kugeuka maji mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Pamba hulowa, na ikishalowa haizuii joto tena; mbao huoza na karatasi ya jipsamu huota kuvu, huku mpangaji akilaumiwa kwamba hafungui madirisha.

Ushauri wangu ni kwamba kuta ziachwe bila pamba, zipigwe lipu vizuri kwa nje, zipate kivuli cha paa, na ndani zipakwe chokaa au rangi ya maji inayopitisha mvuke, wala si rangi ya mafuta. Fedha zielekezwe darini, kwa kuwa joto kubwa la mchana linatoka kwenye bati. Bati hilohilo, usiku usio na mawingu, hupoa kuliko hewa inayolizunguka na kutoa jasho upande wa chini, kwa hiyo karatasi ya foili itandazwe chini yake ikiwa imelegea kidogo, ili matone yateremke hadi nje ya ukuta, na pawepo matundu ya hewa yenye wavu pande zote mbili za paa. Anayeshikilia kuweka nailoni ukutani aiweke upande wa nje wa kizuia joto.

Sakafu nayo husahaulika. Mabanda mengi yalimwagwa zege bila nailoni chini yake, maana gari halilalamiki unyevu. Kipande cha nailoni kikibandikwa sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote na kuachwa mchana na usiku, maji yakionekana chini yake yanatoka ardhini, na hapo itandazwe nailoni nzito na kumwagwa tabaka jipya la zege kabla ya vigae. Pale palipokuwa na mlango wa gari, ukuta mpya usijengwe juu ya sakafu tupu bila tabaka la kuzuia unyevu, na mteremko wa nje uelekezwe mbali na chumba, la sivyo mvua za Desemba hadi Aprili zitaingia kupitia palepale gari lilipokuwa likiingilia.

Kiyoyozi kikiwekwa kwenye nyuzi 25 au 26 kinatosha kwa usingizi, na hatari hupungua sana.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwenye nyumba amuulize fundi nailoni itakaa upande gani na kwa sababu gani. Akijibiwa kwamba itakaa ndani kwa kuwa ndivyo ilivyoonekana kwenye video, atafute fundi mwingine.

Wako,
Msomaji, Shangani, Mtwara