Komoro wamebahatisha? Acheni hizo

Ndugu mhariri, salaam kutoka Ngamiani hapa Tanga. Mie gazeti lenu nalisoma kwa muuza kahawa, mpaka linifikie mimi kurasa za michezo zishajaa mafuta ya vidole. Sasa juzi kuna mwandishi wenu kaandika vimistari vinne tu kuhusu Komoro kufuzu Afcon 2025 (Kombe la Mataifa ya Afrika), na ndani ya hivyo vinne katia "wamebahatisha". Hapo ndo nikaazima kalamu.

Jamani, mechi sita za kufuzu hujafungwa hata moja, pointi 12, unaongoza kundi lenye Tunisia, hiyo bahati gani? Walianza na sare mbili, Gambia 1-1, Madagaska 1-1, hata sie kijiweni tukasema basi tena. Oktoba 11, 2024 wakamfuata Mtunisia kwake Radès. Tulikuwa tunacheki kwenye simu ya dogo mmoja, vichwa saba juu ya kioo chenye ufa, bando likakata mpira bado 0-0, kila mtu anajipapasa hamna mwenye hata buku, tunalaumiana pale mara tunasikia vigelegele nyumba ya pili kwa bibi mmoja fundi cherehani, Mngazija, asili yake Komoro. Tukajua tu. Komoro 1, Tunisia 0.

Siku nne baadae marudiano, Komoro ndo "nyumbani", na hiyo nyumbani ni Abidjan! Yaani utoke Moroni uvuke bara zima ukacheze nyumbani. Wakatoka sare 1-1. Novemba wakamchapa Gambia 2-1, tiketi mfukoni, na Madagaska wakammalizia 1-0.

Mwandishi wenu pia kasahau walikotoka. Januari 2022 kwenye Afcon walimtoa Ghana kwa 3-2, halafu na Kameruni wakakosa kipa kabisa, beki Alhadhur akavaa jezi ya kipa namba ikabandikwa kwa utepe, pungufu mtu mmoja tangu mwanzoni, na bado wakafungwa 2-1 tu. Baada ya hapo kocha Amir Abdou akaondoka, Afcon iliyofuata wakaikosa, watu wakasema ndo imeisha hiyo. Akaja Mtaliano Cusin, hakuvunja nyumba, kachukua waliokuwepo kawachanganya na madogo. Novemba 2023 Ghana akala 1-0 palepale Moroni. Sasa hiyo nayo bahati?

Kuna jamaa hapa kijiweni hoja yake eti wale Wafaransa, wengi wamezaliwa kule. Sawa, wamezaliwa kule. Na huyu bibi jirani yangu kazaliwa Tanga hii hii, babu yake ndo alikuja na jahazi, ila mwambie yeye si Mngazija uone kama suruali yako utaikuta imeshonwa.

Msinielewe vibaya, Msuva wa Taifa Stars yetu alivyomfunga Gine pale uwanja wa Mkapa na mie nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kurasa zote mlizowapa Stars walistahili. Ila Komoro nchi nzima hawafiki milioni, mkoa wetu wa Tanga peke yake tuko zaidi ya milioni mbili na nusu, wapeni hata robo ukurasa. Tena muweke na picha ya timu, ya rangi. Bibi anataka kuikata abandike ukutani juu ya cherehani, ile ya mistari minne haikuwa na picha.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga