Nimekonda hadi nikaingia kwenye uzito wa marehemu rafiki yangu

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nacheza judo tangu nina miaka 11. Nakuandikia kwa sababu kila mtu wa karibu amekwisha kunipa jibu lake, na sioni la kushika.

Rafiki yangu alifariki wiki saba zilizopita. Malaria ilimlaza Jumatatu, Alhamisi tukawa kwenye kilio. Tulianza judo pamoja, tukavaa mkanda wa kahawia siku moja, na miaka yote 8 yeye ndiye alikuwa mwenzangu wa mazoezi. Asiyecheza judo huenda asielewe uzito wa neno hilo. Mwenzako anakuachia mwili wake, unamwingilia mara kumi kama unayetaka kumtupa, humtupi, kisha zamu inakuwa yake. Tunahesabu kwa Kijapani: ichi, ni, san, mpaka ju. Siku hizi nafanya peke yangu nyumbani, nimefunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mpera. Nikifika ju mikono inauachia mpira yenyewe, nami nasimama pale nikingoja zamu yake.

Shida yangu ni hii. Mimi nilikuwa napigana kwenye kundi la uzito wa kilo 57, yeye 52. Kwa hiyo hatukuwahi kupambanishwa. Mmoja akiingia kwenye tatami, yaani mkeka wa kupigania, mwingine anakaa pembeni amemshikia kandambili zake. Tangu kilio, chakula hakinipiti. Mama anapika bukari na sombe, nakata tonge, linapoa mkononi. Juzi mwalimu alinipandisha kwenye mizani: kilo 51 na nusu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nafasi ya 52 haina mtu." Mashindano ya mkoa ni baada ya wiki tatu.

Mwalimu si mtu mbaya. Alibeba jeneza pamoja na kaka za marehemu. Alitukumbusha Popole Misenga na Yolande Mabika, wazaliwa wa Bukavu, walioingia Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwenye timu ya wakimbizi baada ya kupotezana na familia zao tangu utotoni, na Popole akashinda pambano lake la kwanza. Namwelewa. Lakini mimi nafasi hii imefunguliwa na kaburi.

Halafu mama wa marehemu aliniita. Akanipa kimono cha judo cha binti yake, kimefuliwa na kukunjwa, mkanda juu yake. Kwenye mkono wa kulia kuna mshono wa uzi mweusi: nilikichana mimi mwaka jana nikivuta, akakishona usiku uleule kwa uzi aliokuwa nao. Mama akasema, "Vaa, mwanangu, nikuone umesimama mahali pake." Ningesema nini? Nilipokea kwa mikono miwili. Kiko juu ya kabati, sijakigusa tena.

Shangazi yangu naye anasema nisiende kabisa, udongo wa kaburi haujakauka.

Mama Mshauri, nataka kupigana. Hilo sijathubutu kulisema nyumbani. Pambano la dakika 4 likianza, namsahau kabisa, na mwalimu akisema "matte", yaani simameni, namkumbuka na kuona aibu kwamba nilimsahau. Lakini ili niingie 52 lazima nikae na njaa wiki tatu nyingine. Nikianza kula, narudi kwenye 57, na huko klabuni yuko mwenzetu mwenye nguvu kuliko mimi, huenda nisichaguliwe. Na kuna jambo ambalo hata mama yangu halijui: mwezi uliopita hedhi haikuja, na sijalala na mwanamume yeyote. Naogopa kumwambia mwalimu kwa sababu ni mwanamume, naogopa kumwambia mama kwa sababu atanikataza judo.

Nimwambie nani kwanza? Na nikikataa 52, nitamrudishiaje mama wa rafiki yangu kile kimono bila aone kwamba namkataa mtoto wake? Au nikibaki nacho na nisikivae, nitakuwa nimemkosea?

Nangoja jibu lako kabla ya siku ya kupima uzito.

Ni mimi, binti wa Katuba