Uyuni wakati wa mvua: someni kabla ya kufunga mizigo

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Hii ni kwa tunaokwenda Bolivia Januari.

Jangwa la chumvi la Uyuni liko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Kampala ni kama 1,200 tu, kwa hiyo miili yetu haijazoea. Uwanja wa ndege wa El Alto, ulio kando ya jiji la La Paz, umepita mita 4,000: siku mbili za kwanza tembea polepole, kunywa maji, acha pombe. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi ukiwa umekaa, unateremshwa mara moja, hakuna kubishana. Wanaotaka asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, wamwone daktari mapema, maana huanzwa kabla ya kupanda.

Mvua za Desemba hadi Machi hufunika chumvi kwa maji ya kina kifupi, ndipo anga huonekana chini kama kwenye kioo. Upepo ukivuma, picha hiyo hupotea. Maji yakizidi, gari halifiki Incahuasi, kilima cha mawe kilicho kama kisiwa katikati ya chumvi, kwa sababu maji ya chumvi hurukia nyaya na kuzima injini. Msimlazimishe dereva.

Gambuti ni lazima. Chumvi huharibu viatu vya ngozi. Mafuta ya jua pakeni hata chini ya kidevu, mwanga hupiga kutoka chini pia. Simu zikae ndani ya kavera (mfuko wa plastiki).

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe mkononi, si kwenye sanduku.